Chuma Kilichopakwa Dawa Kama Mbegu

Ndugu zangu, hamjambo. Kaeni tu. Wale mlioanza kujiandaa kupiga vigelegele, ngojeni kwanza, mtaelewa kwa nini.

Wengi mnajua nilianguka na pikipiki nikitoka matanga Naitiri. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ikateleza, mfupa wa chini ya goti ukavunjika. Hapa Kitale nikapasuliwa, nikawekwa chuma ndani ya mfupa. Kazi ilifanywa vizuri na sikuja kulaumu mtu.

Nilipoanza kutembea na gongo moja, niliitwa hapa mbele ya kanisa nikatoa ushuhuda kwamba nimepona. Mlipiga makofi, si mnakumbuka? Sasa wiki hiyo hiyo, karibu na kovu, pakatokea kitundu kidogo kinachotoa maji maji.

Jirani akaniambia, "Si hiyo ni uchafu inatoka? Wacha itoke bana."

Ikatoka, kitundu kikakauka, tukashukuru. Kikafunguka tena. Kikikauka nafurahi, kikifunguka nanyamaza. Ningesema nini, ndugu zangu? Nilikuwa nimeshasema nimepona, tena kwa maikrofoni. Niliona nikigeuza maneno nitafanya Mungu aonekane mwongo. Basi nikafunga kitambaa, nikavaa rinda refu, nikahamia kile kiti cha karibu na mlango, kwa sababu usaha una harufu. Mliosema siku hizo nina madharau, haikuwa madharau.

Dada yangu wa Bungoma ndiye aliyenusa. Alikuja kunisalimia, na chai haikuwa hata imechemka.

"Wewe, hii mguu inaoza," akasema. "Na ati unaenda kanisa kuimba?"

Hakungoja jibu. Alinipeleka kwao, hospitali ya huko, na baba watoto wangu akatufuata. Daktari alikuwa kijana mpole. Alitazama picha ya mguu, kisha akaniambia, "Mama, viini vya ugonjwa vimejenga kwa hii chuma. Dawa ukimeza inapita kwa damu, na chuma haina damu. Vinashikilia hapo juu yake, dawa haivifikii vizuri."

Akasema watatoa chuma, wasafishe mfupa, halafu waweke chuma kingine. Tukiendelea kungoja, mguu unaweza kukatwa.

"Ingine?" Baba watoto alikuwa ameshasimama. "Daktari, huyu damu yake inakataa chuma. Watu wetu wote wanajua."

Ni kweli, wa nyumbani walikijua kidonda, na walikuwa wameshakaa wakaamua hivyo, chuma kitoke na kisirudi. Na mimi nawaambia wazi, niliogopa kuliko siku ya pikipiki. Mimi ni mtu wa jembe. Bila mguu ningelima nini?

"Hii ingine imepakwa dawa," daktari akasema. "Dawa ya kuua viini iko juu ya chuma yenyewe. Kiini kikija kukaa, kinakutana nayo kwanza."

Nikamuuliza, "Kama mbegu?"

Hakuelewa. Nikamwambia, kwetu Kiminini mbegu ya mahindi tunanunua ile ya rangi, iliyopakwa dawa, ndiyo wadudu wa udongoni wasiile kabla haijaota. Ukipanda tupu, unalisha wadudu. Sasa hiyo chuma ya kwanza si ilipandwa tupu?

Akacheka. "Kama mbegu, mama. Lakini hata mbegu iliyopakwa dawa unaweza kupanda na isiote. Inatusaidia tu. Siwezi kukuahidi."

Wengi walikuwa wameshaniahidi kwamba nitapona. Huyu alikataa kuahidi, na hapo ndipo nikamwamini. Baba watoto naye akaketi. Mambo ya mbegu anayajua.

Chuma cha zamani kikatolewa, mfupa ukasafishwa, kile cha dawa kikaingia. Nikameza na vidonge mpaka daktari aliposema basi. Kidonda kikafunga, lakini sikufurahi. Kila asubuhi nilikuwa nafungua kitambaa natazama, nikingoja kitundu. Halafu asubuhi moja nikaenda shambani, nikarudi, nikapika, ndiyo nikakumbuka sijatazama. Nililia pale pale jikoni, sufuria mkononi.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru madaktari wa huku na wa kule, na dada yangu ambaye hana adabu ya kunyamaza. Baba watoto, asante kwa kuketi.

Funzo langu ni dogo. Kama una chuma mwilini na kidonda kinatoa usaha, usisherehekee kikikauka. Rudi hospitali. Na kama ulishatoa ushuhuda, rudi hivyo hivyo. Mungu haaibiki.

Leo sisemi nimepona. Bado naitwa kliniki na bado naenda. Nasema tu kwamba kitambaa nimekitupa. Sasa yule mama aliyeweka mkoba kwa kiti cha mbele, tafadhali uondoe. Pale mlangoni nimekaa vya kutosha, leo nataka kukaa na nyinyi.