Kinanda Nilichokishusha

Sogezeni viti, wanangu, msikae mbali kama watu waliokuja kupima nyumba. Wewe kifungua mimba, kaa upande huu wa sikio langu zima, na wewe kitinda mimba, acha hiyo chai, haitakosa mnywaji. Daktari amesema nisiongee sana, nami nimemwitikia kwa heshima zote, lakini yeye hana watoto wawili wasiosalimiana, kwa hiyo hajui anachonikataza. Nitasema mara moja tu, na pumzi ikinikatikia katikati, ningojeeni, msinimalizie maneno.

Jana ulipoingia, kifungua mimba wangu, baada ya mwaka mzima wa kutokanyaga hapa, ulijikwaa ukumbini kwenye bomba la bati, ukashika ukuta, ukatazama chini, kisha ukatazama nyuma ya makochi, na juu ya kabati, na mlango wa chumba chako cha zamani ambao haufunguki vizuri kwa jinsi chumba kilivyojaa. Ulidhani kimekwenda kwenye chuma chakavu. Hapana. Kinanda chote cha mabomba cha kanisa kimo humu. Mabomba madogo yako chini ya kitanda hiki ninacholalia, yale marefu yako karakana, yametoa vichwa nje ya dirisha, na majirani wamekwisha kuchoka kuuliza. Ni haki yako kujua kimefikaje, kwa sababu mimi ndiye niliyekishusha, na mimi ndiye ninayewaachia.

Kinanda hicho kilinitangulia duniani. Waumini wa wakati huo walijinyima miaka na miaka ili kiletwe, kikaja ndani ya masanduku, kikapandishwa kipande kwa kipande hadi kwenye roshani iliyo juu ya mlango mkubwa wa kanisa, kikajaza ukuta mzima. Ndani ya bomba lake kubwa mtu mzima angeweza kulala na kujigeuza, na lile dogo kabisa halikuzidi kalamu ya risasi. Sauti ya lile kubwa haikusikika masikioni, ilianzia kwenye benchi ulilokalia ikakupanda mgongoni. Enzi hizo hakukuwa na mota, nyuma yake wanaume walikanyaga mivukuto kwa miguu ili kukipa hewa, na mahubiri yakirefuka walisinzia, basi wimbo wa kufunga ibada ukaanza kwa mguno kama wa ng'ombe aliyeamshwa, ndipo ukapata pumzi.

Babu yenu alikuwa fundi viatu, hakujua noti hata moja. Panya walipotafuna ngozi za mivukuto, wazee wa kanisa walimwita yeye kwa sababu hawakumjua mtu mwingine mwenye sindano nene. Akaziba kwa ngozi ya viatu, nzito, na Jumapili iliyofuata kinanda kikaimba kama mtu mwenye mafua, kanisa zima likacheka, wakasema kimevalishwa buti. Babu yenu alirudi nyumbani, kesho yake akabandua kazi yake yote, akatafuta ngozi ya mwanakondoo, laini kama ukope, akaibandika upya kwa gundi ya moto. Tangu hapo hakuna aliyecheka. Kazi ile akanirithisha pamoja na karakana, ambayo mimi niliigeuza ya kushona makochi.

Baba yenu yeye alikuja kulinganisha sauti. Alihitaji mtu wa kumbonyezea vitufe, nami nilikuwapo, mikono imejaa gundi. Ni kazi ya kuchosha: mmoja anabonyeza kitufe kimoja na kukishikilia, mwingine yuko ndani, gizani, katikati ya mabomba, anagongagonga mpaka sauti itulie, kisha anaita, "Inayofuata." Tulichumbiana hivyo, bila kuonana nyuso. Mchana mmoja akaita kutoka huko ndani, "Hii imetulia. Na wewe, una mtu?" Nikamjibu, "Malizana kwanza na kinanda." Alimalizana nacho upesi kuliko ilivyokuwa desturi yake.

Na alivyoondoka mnajua, sikuwaficha. Ngazi iliteleza akiwa juu, nyuma ya yale mabomba makubwa. Mimi nilisikia kishindo, lakini ndani ya kinanda vishindo haviishi, ubao hudondoka, nyundo hudondoka, naye alinizoesha nisiachie kitufe mpaka aseme. Nikashikilia. Sauti ile moja ikaendelea kulia ndani ya kanisa tupu, na mimi nimekaa na kidole changu kama mjinga, nikingoja kuitwa. Daktari wa siku ile aliniambia kwamba hata ningekimbia palepale nisingemkuta na uhai. Nilimshukuru. Sikumwamini hata siku moja.

Baada ya hapo kinanda kikawa adui yangu, na uadui huo nikaufunika kwa utumishi. Nilibandika ngozi zake, nilifukuza panya wake, watu wakasema tazameni mjane huyu anavyolitunza jina la mumewe. Kisha wewe, kifungua mimba, ukakipenda. Ukajifunza ukiwa na miguu isiyofika chini, ukawa mpigaji wa kanisa, na kila Jumapili watu walinigeukia na kuniambia, "Mama, una bahati." Nilitabasamu na meno yameumana. Ulikuwa unakipiga juu ya mahali alipoangukia baba yako, na uso wako ulikuwa na furaha, nami sikuweza kukuambia acha, wala sikuweza kufurahi na wewe. Huo ndio mzigo nilioingia nao kwenye kiti cha uenyekiti wa wazee.

Mwaka jana ufa ukatokea kwenye boriti ya roshani. Injinia akasema kuna njia mbili, ama kinanda kishushwe, ama ziwekwe nguzo mbili chini ya boriti na roshani ifungwe mpaka kazi iishe. Wazee wakagawanyika nusu kwa nusu, uamuzi ukaniangukia mwenyekiti. Wewe mpigaji ukasimama mbele ya watu, ukasema, "Mama, ni nguzo mbili tu." Hukusema Mwenyekiti, ulisema Mama. Nikajibu kwamba usalama wa waumini hauna mjadala, kishushwe. Watu wakapiga makofi, maana yalikuwa maneno mazuri. Lakini nguzo mbili zingewalinda waumini walewale, na mimi nilijua, nimekaa na mafundi maisha yangu yote. Nilikuwa sisemi na waumini. Nilikuwa nasema na kinanda, nakiambia, leo nimekupata.

Kisha nikakuita wewe, kitinda mimba, uliyekua nami karakana, njoo na spana zako. Ukaniuliza, "Mama, hakuna mwingine?" Nikasema hakuna anayevijua viungo vyake kama wewe, jambo ambalo ni kweli, na ndiyo maana lilikuwa ukatili. Ulilia ukifungua. Nilikuona ukijifuta kwa kiwiko, nikajifanya nahesabu mbao. Kaka yako alipopanda ngazi akakukuta wewe ndiye umeshika spana, akageuka, tangu hapo hamsalimiani, na asubuhi ya leo mmepishana mlangoni kama wapangaji. Amekukasirikia wewe kwa sababu mzazi ni mgumu kukasirikiwa, na mimi niliona hivyo tangu mwanzo, nikanyamaza, kwa kuwa ilinipa nafuu. Nipeni maji kidogo.

Asante. Kinanda ni mbao na bati, kitinda mimba wangu, naweza kulala nikiwa nimekidhulumu kinanda. Wewe nilikuazima mikono, nikaitumia kwa kisasi changu, nikaacha lawama ikukalie. Hilo ndilo linaloniamsha. Nisamehe, na usinijibu sasa hivi kwa kuwa naumwa. Jibu utakapokuwa tayari, hata kama mimi sitakuwapo kusikia.

Jumapili ya kwanza ya kinanda cha umeme na spika zake nilikaa benchi la mbele nikingoja furaha. Ukutani, pale kilipokuwa, rangi ilikuwa mpya kabisa, haijawahi kuona mwanga, na macho yangu yaligoma kutoka pale. Nilidhani nitapumua. Badala yake nilifiwa upya, maana sikuwa nimefahamu kwamba kila bomba lilikuwa likilia vile alivyoliacha baba yenu, mkono wake ulikuwa bado umo mle, Jumapili zote zile, na mimi ndiye niliyeutoa. Nilipotoka nje nikayakuta mabomba nyuma ya ofisi ya mchungaji, yamenyeshewa, na mwenye chuma chakavu anayapima kwa hatua. Nikamwambia ageuze mkokoteni wake. Akanitazama, akasema kwa upole tu, "Bibi, si mliamua wenyewe?" Nikamtuma dada yako huyu, kifungua mimba, ayalete hapa nyumbani, naye hakuniuliza kwa nini, akayaleta.

Sasa ninavyoviacha. Karakana ni ya kitinda mimba, pamoja na cherehani ya ngozi, kisu cha babu yenu, na wale wateja wasumbufu wa makochi ambao wanataka kazi jana. Mkoba wa baba yenu wa vifaa vya kulinganisha sauti ni wako, kifungua mimba, uko kwenye kabati hili, nimeupaka mafuta kila mwaka bila kuufungua. Nyumba ni yenu wote wawili, asiye na pa kulala asiombe ruhusa kwa mwenzake. Na kuna yule mzee wa kanisa, yule kigugumizi, aliyepinga kinanda kishushwe, nikamwita mkaidi mbele ya watu kabla hajafika mwisho wa sentensi yake. Nendeni kwake. Mwambieni mama amekiri kwamba wewe ndiye uliyekuwa sahihi, kisha kaeni mumsikilize mpaka amalize, hata ikichukua mchana kutwa.

Mchungaji alikuja juzi, nikamweleza haya haya, bila kupunguza, na jana wazee wakakubali. Kinaweza kurudi, si juu roshani, ila chini, kwenye kile chumba cha pembeni chenye sakafu ya mawe, endapo atapatikana wa kukiunganisha. Kati ya watu ninaowajua, anayevijua viungo ni mmoja na anayezijua sauti ni mmoja, na wote wawili wamekaa hapa wanaangalia sakafu. Siwalazimishi. Nimekwisha kuwatumia vya kutosha. Mkiona mioyo haitaki, kitoeni kwa kanisa lolote linalokihitaji, mradi msikitawanye. Lakini msikijenge kwa kunihurumia mimi, wala kwa kuogopa maneno ya marehemu. Marehemu hatasema kitu.

Siku ya kunizika msilete spika. Imbeni kwa vinywa vyenu, hata mkikosea. Na akisimama mtu kusema nilikuwa mtumishi mwaminifu wa kinanda, mwacheni aseme, ana nia njema, ila nyinyi mjue, na msiwasimulie wajukuu uongo huo.

Niinueni mto. Hapo. Hapo panatosha.

Lipo moja limebaki, kifungua mimba. Kwenye meza ya karakana kuna mvukuto wa mwisho, mingine yote nimeibandika na dada yako. Ngozi yake nimekwisha kuikata, ila vidole vimenigomea. Gundi iko jikoni, kwenye maji ya moto, na gundi ile haingoji mtu, ikipoa imekufa. Ngozi yenyewe ni pana, mtu mmoja hawezi kuivuta na kupaka kwa wakati mmoja, dada yako amejaribu peke yake wiki hii nzima, nimemsikia akiibandua na kuanza upya. Mwanangu, ushike zile pembe mbili. Uvute taratibu, usivute kama mtu anayegombea. Yeye apake. Ukikosea atakwambia, nawe utamjibu, na hiyo itatosha kuwa salamu.

Mungu... ngoja kidogo. Mungu awape mikono isiyotetemeka. Awape watoto watakaowauliza maswali, na nyinyi muwe na ujasiri wa kuwajibu. Asiwahesabie yangu. Nimewapenda, wote wawili, nikiwa na makosa yangu yote... nimewapenda.

Basi, nendeni, inapoa. Mlango... huo mlango uacheni wazi. Nataka kuwasikia mkielekezana.