Sauti Niliyoitia Ndani ya Kontrebasi

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe tena na nyinyi mlioketi nyuma karibu na mlango. Nawajua. Mimi mwenyewe niliketi hapo miaka yote, ili niwe wa kwanza kutoka.

Mchungaji ameniomba nishuhudie kwa maneno machache na nisichekeshe watu. Nimeandika kila kitu kwenye daftari langu la hesabu ili nisipotee njiani. Ya kuchekesha yapo mwanzoni, baadaye yanakwisha. Hata mimi, nikiyasoma peke yangu mchana kweupe, nageuka kutazama nyuma.

Naitwa Deo. Niko mwaka wa pili wa shule ya ualimu. Kipaji ambacho Mungu alinipa ni kuiga sauti za watu, na kipaji hicho nilikitumia kama mjinga. Siku moja nilimwiga mkurugenzi wetu nikiwa nyuma ya dirisha, darasa zima likasimama na kuuambia ukuta bonjour. Hata Mchungaji namwiga. Samahani, Mchungaji.

Tonton Zakaria, mdogo wake baba yangu, alikuwa mpiga kontrebasi. Wasioijua, ni lile gitaa kubwa la kusimama, refu kuliko mtu, lenye nyuzi nne nene, na mpigaji analikumbatia kama anayecheza na mke wa mkubwa wake. Uzi wa chini kabisa ulikuwa umekatika zamani, Tonton akausuka mwingine kwa kebo za breki za baiskeli. Mguu wake wa chuma ulikuwa unateleza kwenye sakafu ya simenti, kwa hiyo aliuchomeka ndani ya kiatu chake kimoja cha zamani, cheusi, cha mguu wa kushoto. Basi ukiingia nyumbani kwake uliona kontrebasi imesimama pembeni imevaa kiatu.

Kila Jumapili mchana alipiga na kikundi cha Papa Anselme, katika baa ya juu kule Kadutu. Mchana, maana jioni filimbi ikilia kila mtu wa cité, mtaa wetu sisi weusi, lazima awe kwake. Sauti ya kontrebasi haifiki mbali, watu wakianza kuburuta viatu imekwisha. Ndiyo maana Papa Anselme alitafuta ampli, sanduku la chuma lililotolewa kwenye camion, lile lori la sinema, linalokula betri ya gari. Ndani yake mna taa ndogo za kioo. Lazima uzingoje zipate moto, na zikipata moto zinatoa harufu ya vumbi linaloungua. Juu yake kuna pembe kubwa la bati linalotoa sauti. Mikro, ambayo ndiyo sikio la ampli, Tonton aliifunga kwa kitambaa na mpira wa baiskeli, akaiingiza kwenye tundu la kontrebasi, ndani kabisa ya tumbo. Hapo, ndugu zangu, akigusa uzi mmoja tu, vikombe vinatembea mezani. Pembe lilielekea bondeni, na wenye nyumba za chini walisikia muziki kama wako ndani.

Tonton alikufa kwa kifua kabla ya mvua. Mnajua desturi yetu. Chombo cha kazi cha marehemu kinalazwa, uso kwa ukuta, nacho hakitoi sauti mpaka siku ya kunyoa nywele, siku ya kumaliza kilio. Siku hiyo mjane mwenyewe anakichukua na kumkabidhi mrithi. Kwa mkulima ni jembe. Kwa Tonton ilikuwa kontrebasi. Maman Nabintu, mke wake, aliifunga shuka, akailaza chini, akaigeuzia ukutani. Kiatu hakukitoa.

Wiki ya tatu Papa Anselme akaja kwangu shuleni.

"Deo, weye unajua zile nyimbo zote. Tonton wako alikufundisha."

"Kilio hakiyaisha, Papa Anselme."

"Njo sababu nakuomba weye. Mutu wa nje hawezi kuigusa. Weye ni damu."

Ndugu zangu, sikuhitaji kubembelezwa sana. Jumapili, Maman Nabintu alipokwenda kuchota maji, mimi na mpiga ngoma wa kikundi tuliitoa kontrebasi ikiwa bado imefungwa shuka, tukaipandisha ngazi za udongo za Kadutu, yeye mbele, mimi nyuma, mabegani. Watu walipisha. Wazee walivua kofia. Mama mmoja alipiga ishara ya msalaba, na mimi, mpumbavu, nikamwitikia kwa kichwa kama mfiwa.

Tulipiga vizuri, siwezi kudanganya kanisani. Vidole vilichubuka, nikavifunga kwa bandeji. Baa ilijaa. Na hapo shetani wa utani akanikumbuka. Mikro ilikuwa ndani ya tumbo la kontrebasi. Nikafikiri, kama inasikia nyuzi, itasikia na mdomo. Katikati ya wimbo niliinama kama mtu anayesikiliza uzi wake, nikaweka mdomo kwenye tundu, nikaita kwa sauti ya Tonton, ile sauti yenye mikwaruzo ya kifua:

"Niko humu."

Maneno mawili tu. Yalipita kwenye pembe yakawa makubwa kama mlima. Wachezaji walisimama. Mtu mmoja aliangusha glasi, mwingine akatoka kupitia dirishani na mlango ulikuwa wazi. Papa Anselme aligeuka akanitazama, na mimi nikaifanya sura yangu iogope kuliko zote. Ndani ya tumbo langu nilikuwa nakufa kwa kicheko.

Sikufikiria bonde. Sikufikiria kwamba nyumba ya Tonton iko chini kabisa ya pembe.

Tuliporudisha kontrebasi tulimkuta Maman Nabintu mlangoni. Nilijitayarisha kutukanwa. Hakutukana. Aliipokea kwa mikono miwili, hakuilaza tena. Aliisimamisha katikati ya nyumba, juu ya kiatu chake.

"Nimemusikia," akasema. "Na weye umemusikia, Deo?"

Ndugu zangu, hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikasema, "Ndiyo, maman. Nimemusikia."

Tangu siku ile alianza kuitilia kontrebasi chakula. Bugali na sombe ya majani ya muhogo, sahani moja, mbele ya kiatu. Yeye hakula. Mashangazi walikuja kupanga siku ya kunyoa nywele, akawafukuza.

"Mutaninyoa sababu ya nani? Anasema iko humu. Nitamaliza kilio cha mutu mwenye anasema?"

Wiki ya kwanza kanga ilimlegea. Wiki ya pili alitembea akishika ukuta. Muuguzi wa dispansari alimtazama, akasema hana ugonjwa, ila akiendelea hivi hatafika mwisho wa mwezi. Nilisikia nikiwa nje. Nikaenda shuleni, nikamwiga muuguzi, wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka, na ilikuwa mara ya kwanza kichekesho changu kuninyima kicheko mimi mwenyewe.

Siku moja baada ya masomo niliingia kwake nimeazimia kusema. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani, mji wote mweupe, huoni hata paa la jirani. Nilimkuta ameketi chini, sikio lake limeegemea mbao za kontrebasi.

"Nyamaza," akaniambia. "Iko nasema. Weka sikio."

Nikaweka. Mkono haukugusa uzi, wangu wala wake. Na ndani, ndugu zangu, kulikuwa na mvumo. Ulipanda, ukakatika, ukapanda, kama mtu anayesafisha koo. Najua nyuzi zinaweza kuitika radi ya mbali au camion barabarani. Nilijifundisha hilo njia nzima nikikimbia. Lakini siku ile radi haikuwapo, na katika ukungu ule hakuna camion iliyokuwa inatembea.

Msiniulize kama nilisali. Nilisali kama mtu anayeanguka. Nilimwambia Mungu, nitoe katika jambo hili bila mimi kusema. Nikasali hivyo hivyo siku tatu, na siku tatu alinyamaza.

Jumapili iliyofuata Maman Nabintu mwenyewe alituma kontrebasi baa. "Mupeleke. Anataka kazi yake." Na yeye akaja nyuma, ngazi kwa ngazi, akipumzika, sahani mkononi imefunikwa kwa jani la ndizi. Mjane mwenye nguo za kilio ndani ya baa. Hakuna aliyecheza. Aliketi chini mbele ya lile pembe la bati, akaweka sahani, akafunua.

Papa Anselme aliwasha ampli. Tukangoja taa zipate moto. Harufu ya vumbi ikaanza.

"Sema, Zakaria," Maman Nabintu akaliambia pembe. "Batu bote beko hapa. Sema kama nije."

Hapo nikaelewa anauliza nini. Alikuwa anaomba ruhusa ya kumfuata. Na mdomo uliokuwa na uwezo wa kumjibu ulikuwa wangu. Ningeinama tu, niseme kwa sauti ya Tonton, usije, kula. Angekula. Ndugu zangu, nilijaribiwa vikali, maana ulikuwa uongo wenye huruma. Lakini kesho angerudi kuuliza tena, na keshokutwa, na mimi ningekuwa marehemu wake mpaka nizeeke.

Nikaondoa mikono kwenye nyuzi. Na ampli ikaanza yenyewe. Mvumo ule ule wa siku ya ukungu, kutoka chini, ukikua, mpaka sahani ikatetemeka sakafuni na kiatu cha Tonton kikageuka kidogo, taratibu, kuelekea alipoketi mke wake. Papa Anselme aliruka akang'oa kebo ya betri. Alisimama nayo mkononi, nasi sote tulimwona. Sauti iliendelea. Pumzi moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Ndipo ikazama.

Mpiga ngoma alikuwa ameshafika mlangoni. Papa Anselme, ambaye anajua ampli kuliko wake zake, aliniambia baadaye kwamba vyombo vile hubaki na umeme kidogo tumboni, na kwamba mikro ikisikia pembe lake yenyewe inalia. Vema. Namwamini. Lakini wakati ule uso wake haukuwa uso wa mtu anayejua.

"Rudisha kebo, Papa Anselme," nikasema.

"Weye iko wazimu?"

"Rudisha. Balisikia ya kwanza kule chini. Basikie na hii."

Akarudisha. Nikapiga magoti, nikaweka mdomo kwenye tundu. Mbao zilikuwa za moto kama shavu la mgonjwa. Nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, hii mbaya inayovunjika:

"Maman Nabintu, ni miye Deo. Ile siku ni miye nilisema. Tonton hakusema. Nilikuwa nachekesha batu."

Kadutu nzima ilisikia. Mbwa walibweka bondeni. Nilibaki nimeinama, nikingoja kofi, na kofi halikuja, ikawa mbaya zaidi. Nilipoinua kichwa alikuwa ananitazama, si kwa hasira. Kama mtu aliyengoja mlangoni muda mrefu, na sasa mlango umefunguliwa.

"Ile ya kwanza ilikuwa weye," akasema polepole.

"Ndiyo, maman. Unisamehe."

"Na ile ya Ijumaa?"

"Ijumaa nilikuwa shuleni, maman."

"Ijumaa nilimwambia nimechoka, nakuja. Akasema, Ngoja. Ngoja kwanza mutoto aseme."

Nilitazama lile tundu jeusi ambamo mdomo wangu ulikuwa dakika ile ile, nikasogea nyuma kwa magoti.

"Basi mutoto amesema," akasema Maman Nabintu. Akavuta sahani kwake. Akala mbele yetu, tonge baada ya tonge, akilia, na mama mwenye baa akaenda kumletea maji. Alipomaliza alikamata uzi mmoja wa kontrebasi kwa vidole viwili, akaushika mpaka ukanyamaza kabisa.

Jioni ile aliilaza tena uso kwa ukuta, na wiki ile akanyolewa. Siku hiyo aliitoa kontrebasi ukutani, akanikabidhi mbele ya mashangazi. Kiatu alikitoa mwenyewe, akakizika nyuma ya nyumba. Kontrebasi yangu sasa inavaa kiatu changu.

Mchungaji alitaka niseme kwamba nimeacha muziki. Sikuacha, Mchungaji, nisije nikadanganya tena leo leo. Nilichoacha ni kusema kwa mdomo wa mtu mwingine. Na mikro naifunga nje ya mbao. Ndani siweki tena.

Mnaniuliza nani alisema Ijumaa. Maman Nabintu yuko pale, safu ya tatu, amenenepa, mumwangalie. Yeye anasema ni mume wake. Mchungaji anasema ni Bwana. Mimi, ninayeweza kuiga sauti zote za Kadutu, nashuhudia jambo moja tu: haikuwa mimi. Nilifikiri Mungu alininyamazia siku tatu. Kumbe alikuwa anazungumza na mwingine, akimwomba anivumilie.

Ndugu zangu, namshukuru aliyemshika mama huyu mpaka kinywa changu kikafunguka. Na wewe uliye nyuma karibu na mlango, kama kuna neno umelificha mahali, usitoke nalo leo. Mtegemee yeye, ulitoe. Labda kuna mtu hajala tangu asubuhi, anangoja useme.