Asante kwa Kiti Kitupu

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Bi. Noelene Prideaux anastaafu baada ya kuendesha basi la mji wetu wa Wirrabee Point kwa miaka thelathini na mmoja. Mimi huosha mabasi Jumamosi. Kusimama mbele za watu nikahutubia siwezi, ndiyo maana nimepewa kalamu.

Noelene ameendesha kwenye mafuriko, amewasubiri kangaruu waamue wenyewe kuondoka barabarani, na keki ya harusi ya akina Tunstall aliifunga mkanda kwenye kiti cha mbele, ikafika haina hata ufa.

Alipotangaza kustaafu, hakupatikana dereva wa kumrithi. Halmashauri ikaleta basi linalojiendesha, ikasema wazi: likikosa abiria, linarudishwa, na Wirrabee itabaki bila usafiri. Noelene akaapa kwamba hang'oki kazini akiwaacha wazee wake hawana njia ya kufika kliniki.

Mwanzoni lilizunguka tupu. Tulidhani wazee wanaogopa ajali. Wapi! Kwetu hakuna anayeshuka basi bila kumshukuru dereva. Hata mlevi hushukuru.

"Sasa nikishuka nimwambie nani asante?" mzee Clarrie Tunstall alifoka kituoni. "Kiti?"

"Kiambie kiti, Clarrie. Kitakusikiliza kuliko nilivyokusikiliza mimi!" Noelene akamjibu, akamshika mkono wakapanda wote wawili.

Kufika kliniki, Noelene akakigeukia kiti kitupu cha dereva: "Asante, dereva!" Clarrie alicheka mpaka akashikilia nguzo. Kisha akavua kofia, naye akashukuru, kwa sauti iliyowashtua manesi ndani. Habari ikasambaa mji mzima. Siku hizi usipowahi asubuhi, unasimama. Na juzi halmashauri imetamka: basi linabaki!

Jumatatu nilikuwa ndani yake. Abiria walishuka mmoja mmoja, "Asante, dereva," "Asante, dereva," na kiti kimya. Noelene alikuwa abiria kama sisi, safu ya tatu, miwani puani, gazeti mkononi. Hakuinua hata macho. Kila asante aliijibu: "Haya, mpenzi, angalia ngazi."

Bi. Noelene, tunakuombea siku ndefu za kukaa upande wa dirisha, bila usukani. Nami, ambaye tangu chekechea nilikuwa nikishuka basi lako nikinong'ona tu, leo nasema wote wasikie:

Asante, dereva.