Tarishi Melkiory, Mtu wa Mlangoni, na Uongo wa Sinema

Bwana Melkiory Kaijage, tarishi wa baraza letu la hapa Nyaishozi, atavua mkanda wa kazi tarehe 31 Desemba 1957, baada ya kuuvaa miaka ishirini na minane. Aliuvaa mwaka 1929, akanikuta mimi ni mzee wa baraza tayari. Yeye anaondoka na mimi bado nipo, mpime wenyewe nani ana nguvu. Karani alitaka kuniandikia maneno haya, nikamkatalia. Herufi nilifundishwa na mapadre kwa muda mfupi tu, lakini zilizoingia hazijatoka.

Kazi ya tarishi watu huidharau kwa sababu wanamwona kasimama mlangoni. Hawamwoni akipanda vilima kuwaita watu shaurini, huyu kamfungulia mbwa, yule kajifanya tumbo linamkata. Kuna mdaiwa mmoja wa upande wa Kamuli alisema hawezi kuinuka kitandani. Melkiory akamwambia, "Basi usiinuke." Akaita wanaume wanne wakambeba na kitanda chake. Walipofika kwenye mteremko wenye utelezi, mgonjwa akaruka chini akasema atatembea. Alifika barazani kabla ya kitanda.

Sheria ya Melkiory ilikuwa moja: asiyeitwa hasemi. Ukifungua mdomo kabla jina lako halijaitwa, anakushika kiwiko anakutoa nje, na nje utakaa mpaka shauri liishe, mvua inyeshe isinyeshe. Alimtoa mjomba wa hakimu. Alimtoa baba mkwe wake mwenyewe, na nyumbani kwake hakukupikwa kitu siku hiyo. Hata mimi alinitoa mara moja, mzee wa baraza mzima. Nilichokuwa nasema kilikuwa kweli, na leo nakirudia kwamba kilikuwa kweli.

Sasa nije kwenye mwaka 1954, maana ndio mwaka uliomjulisha Melkiory kwa watu wote.

Mwaka huo lilikuja gari la sinema. Walifunga shuka jeupe kwenye miti miwili karibu na soko, mtu akashika kipaza sauti kutufafanulia, na tukaonyeshwa mahakama ya huko Ulaya. Wakili wao alivaa joho jeusi na nywele za kondoo kichwani. Hakukaa chini hata kidogo. Alitembea huku na huku kama kuku anayetafuta pa kutagia, akamkaripia shahidi, akamgeukia kila mtu, mwisho akanyoosha kidole kwenye watu waliokaa nyuma na kusema muuaji yumo humu. Akasimama mtu mwenye masharubu, akalia, akakiri yote. Hakimu akagonga nyundo, shauri likaisha, na sisi ndizi tulizoacha jikoni zilikuwa bado za moto.

Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Hilo shauri halikuahirishwa hata mara moja. Hapakuwa na msiba wa kumzuia shahidi, hakuna aliyetafuna buni za kahawa, wala mzee wa baraza aliyesinzia. Mimi huwa sisinzii, nafumba macho nisikie vizuri. Na nani amewahi kuona muuaji anakuja kukaa mahali anapotafutwa?

Melkiory yeye aliudhiwa na jambo jingine. Mle ndani alikuwamo tarishi, kasimama mlangoni, viatu vinang'aa, hana hata tone la jasho. Sinema nzima kazi yake ilikuwa kufungua mlango.

"Yule kamwita nani?" Melkiory aliniuliza tukirudi. "Mashahidi wote wale walijileta?"

Yeye mawakili wa kweli alikuwa amewaona Bukoba, alipopeleka majalada. Alituambia wakili wa kweli anakaa, anakohoa, anapekua karatasi, halafu anaomba shauri lisogezwe kwa sababu miwani kaisahau Mwanza. Vijana hawakumsikiliza. Tangu siku ile kila aliyekuja barazani alitaka kutembeatembea, na mmoja alimuuliza hakimu nyundo yake iko wapi.

Katika hali hiyo ndipo lilipokuja shauri la kibanja cha Kokushubira, shamba lake la migomba na kahawa. Mama huyu alifiwa na mumewe, na shemeji yake Placidius akadai upande wa chini wa kibanja, wenye kahawa zote, kwamba ni wake na haukugawanywa. Kokushubira alisema uligawanywa na mpaka ulipandwa miramura, ile mimea tunayopanda mpakani tangu wazee. Tulikwenda kutazama. Mramura hatukuuona hata mmoja, tulikuta nyasi zimetandazwa vizuri kama mkeka. Likabaki neno la mjane na neno la mwanamume wa ukoo. Nasema wazi kwamba wazee wenzangu walikuwa wameshaanza kumtazama Placidius kwa jicho la kumpa. Mama yule bila zile kahawa angekuwa hana la kufanya ila kurudi kwao.

Placidius hakutosheka. Alitaka kushinda kama kwenye sinema. Kwa kuwa wakili haruhusiwi katika baraza letu, alifika na kitambaa shingoni, akasema koo linamuuma na binamu yake Protase atamsemea. Protase ni fundi cherehani. Aliingia na koti refu jeusi, na Bwana Abdulghani wa dukani, aliyekaa kwenye benchi la nyuma, akalitazama sana, maana lilikuwa lake, alikuwa amelipeleka kwa fundi kushonwa mfuko.

Protase akaanza kutembea.

"Mama, unasema palikuwa na miramura. Uliiona ikipandwa? Jibu ndiyo au hapana."

"Baba, mimi niliolewa nikaikuta mikubwa."

"Ndiyo au hapana."

"Nikuulize na mimi. Mama yako ulimwona akizaliwa? Ndiyo au hapana?"

Watu wakacheka, Melkiory akawatoa wawili. Protase akaona anaharibikiwa, ndipo akaikumbuka sehemu tamu kuliko zote. Akashika kola ya koti, akajitutumua, akanyoosha kidole kwenye mabenchi ya nyuma.

"Kama kweli miramura ilikuwapo," akasema kwa sauti ya yule wa kwenye shuka, "basi aliyeing'oa yumo humu ndani. Na asimame."

Alitaka kukaa kimya kidogo, watu waone hakuna anayesimama, halafu amalizie. Akasimama Mutalemwa.

Mutalemwa ni kaka wa mke wa Placidius, mtu wa mabega, na kwenye sinema alikaa mbele kabisa kiasi cha kuzuia taa. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Ni mimi," akasema. "Lakini umejuaje?"

Placidius, ambaye koo lilikuwa linamuuma, akapata sauti ya kuamsha kijiji.

"Kaa chini wewe! Tarishi, mtoe huyo, hakuitwa!"

Na kwa sheria alikuwa na haki. Mutalemwa hakuitwa. Jina lake halikuwa kwenye shauri hata kidogo. Hakimu akamtazama Melkiory, sote tukamtazama Melkiory. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyesema bila kuitwa akamaliza sentensi ya pili. Akimtoa, yale maneno yanatoka naye mlangoni, na Kokushubira anafunga mizigo. Asipomtoa, Placidius anampeleka mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, na mkanda unavuliwa.

Melkiory akainama kufunga kamba za kiatu.

Alizifunga polepole sana. Placidius aliita "Tarishi" mpaka akakohoa, safari hii kikohozi cha kweli. Mutalemwa naye akaendelea kusema, kama mtu anayetapika, kwamba shemeji yake ndiye aliyemwambia aing'oe, kwamba nyasi walitandaza pamoja, kwamba miti yenyewe aliitupa kwenye shimo la taka nyuma ya viazi. Alipokwisha kusema, Melkiory akainuka, akamshika kiwiko, akamtoa nje kwa kusema bila kuitwa.

Miguuni Melkiory alikuwa peku.

Tulikwenda kwenye lile shimo. Miramura ilikuwa imeota pale pale ilipotupwa, maana mti ule haujui kufa. Tukairudisha mpakani, na Placidius akaamriwa alete rubisi, pombe yetu ya ndizi, anywe pamoja na Kokushubira mbele yetu. Nilionja ya kwanza, ilikuwa nzuri kuliko aliyeileta.

Placidius alishtaki kweli. Bwana Shauri alipopita kukagua alimwuliza Melkiory kwa nini hakumtoa mtu aliyesema bila kuitwa. Melkiory akajibu kwamba alikuwa anafunga kiatu. Bwana Shauri akatazama chini, akatazama muda, kisha akauliza habari za bei ya kahawa.

Vijana mpaka leo wananisumbua. Wanasema, "Mzee, si unaona sinema ilisema kweli? Kilinyooshwa kidole, mtu akasimama." Nawajibu hivi, na sitabadili: sinema ilidanganya, aliyesema kweli ni Mutalemwa. Alisimama kwa sababu aliamini kidole cha wakili kinajua. Kidole cha Protase kilikuwa hakijui hata kilikoelekea. Na kama mlangoni angekuwapo yule tarishi wa viatu vya kung'aa, angefungua mlango tu kama kawaida yake.

Tunamshukuru Melkiory kwa vilima alivyopanda, kwa mbwa waliomrarua, na kwa mimi alivyonitoa nje bila haki. Kokushubira ameleta mikungu ya ndizi za sherehe kutoka upande wa chini wa kibanja, na Protase amemshonea koti jeusi, safari hii kwa kitambaa chake mwenyewe. Uende ukapumzike, Melkiory, migomba yako izae mpaka ikuangukie, na mkeo akupikie hata ukimtoa baba yake nje.

Siku ya sherehe wakubwa watasema wengi, na katika ratiba jina lako wewe halimo, nimeuliza. Simama useme tu. Wakiniambia mimi mwenye umri nikunyamazishe, watanikuta nimeinama nafunga kiatu, na mimi viatu sijawahi kuvaa.

Mzee Bitegeko, wa baraza la Nyaishozi