Mama Puliza, Mpimaji wa Pumzi za Watoto

Marehemu, ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Puliza, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi saa na mshonaji. Kitinda mimba wa nyumba hiyo alizaliwa na ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu makohozi mazito. Kila asubuhi kabla ya shule, marehemu alimpigapiga mdogo wake mgongoni ili kifua kifunguke. Mtoto huyo alifariki mwaka 1974, akiwa na miaka kumi na mmoja. Mwaka mmoja tu kabla, wazazi walikuwa wameambiwa kifua chake hakina neno.

Shuleni alikuwa mkali wa hesabu na mwepesi wa kujibu, jambo lililomponza zaidi ya mara moja. Alipata cheti cha ufundi wa maabara mwaka 1980.

Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa hospitali ya watoto, kwenye chumba cha kupimia pumzi, mwisho wa korido, ukuta mmoja na chumba cha dobi. Mtoto alibanwa pua kwa kibanio, akauma mrija, akapuliza mpaka mwisho, huku marehemu akimhimiza, "Bado ipo, usinibanie." Binti mmoja wa miaka sita aligoma kabisa. Marehemu akajibana pua mwenyewe, akapuliza mpaka kilemba kikaanguka. Binti akatazama namba, akasema, "Shangazi, hujui. Nipishe."

Mwaka 1994, binti mwingine wa miaka minane, mwenye ugonjwa uleule uliomchukua mdogo wake, alishuka kutoka asilimia mia moja na nne ya pumzi ya kawaida ya umri wake hadi tisini na moja katika miaka miwili.

"Bado yuko ndani ya kawaida," daktari wa kliniki alimwambia marehemu.

"Kawaida ya watoto wote, daktari. Ya kwake ameshaiacha."

Daktari akamlaza binti yule na kumtibu. Leo ni mwalimu wa miaka thelathini na miwili, na yuko nasi hapa. Baada ya hapo, wawili hao walipekua mafaili ya watoto mia moja sitini na watatu kwa miaka minne. Waliona kuwa wengi walioshuka kati ya miaka sita na kumi, hata kama namba ya siku ya kipimo ilipendeza, ndio waliozidiwa ujanani. Tangu hapo kliniki haikungoja mtoto augue ndipo imtibu.

Hakuwa malaika. Mwaka 1999 alimweleza baba mmoja, bila kupepesa macho, kwamba mstari wa pumzi za mwanawe kwenye chati ni mbaya. Baba akamwachisha mtoto mpira na shule. Kumbe baadaye namba za kijana zikapanda, akanenepa vizuri. Marehemu alikwenda nyumbani kwao kuomba radhi: "Niliusoma mstari, nikamsahau mtoto." Baadaye, mzazi yeyote akimuuliza ni miaka mingapi mwanawe ataishi, alimjibu, "Mstari huu unatuambia tuharakishe. Miaka hauijui."

Tarehe 17 Desemba 1983 aliolewa na fundi umeme aliyekuja kutengeneza soketi ya chumba kile. Alimpima pumzi kabla hajampa jibu la posa, akamwekea sharti moja: sigara basi. Mzee aliacha, ingawa mpaka leo anadai mashine ilikuwa mbovu. Walijaliwa mabinti wawili. Alistaafu tarehe 30 Juni 2012.

Agosti 2018 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliomba majibu ayasome mwenyewe, akayakunja, akauliza kama kuna chai. Siku mbili kabla hajatuacha, binti yake mkubwa alimuuliza kama anaogopa.

"Siogopi," alisema. "Nasikitika tu. Nilikuwa nimewazoea."

Alifariki Jumatano, tarehe 6 Februari 2019, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, kaka mmoja, dada mmoja, na wale aliowapima wakiwa wadogo, ambao leo wamekuja kumzika wakiwa wamebeba watoto wao.

Mungu ampokee, apumzike kwa utulivu.