Vyuma Vyetu Viko Nyuma ya Jenereta

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Warfa, mwenyekiti wa bodi ya kituo hiki. Viongozi wa dini. Madaktari na wauguzi. Ndugu zetu mliofika,

Assalamu aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

KARIBU

Karibu Garissa, Mheshimiwa. Tulikuwa tumeandika risala nyingine, nzuri, yenye shukrani tupu. Hii tumeiandika asubuhi hii hapa uani, kwa haraka. Utuwie radhi tukikosea mahali.

SISI NI NANI

Sisi ni wagonjwa tuliofanyiwa upasuaji wa miguu, tunaokuja hapa kufundishwa kutembea upya. Wengi tulikuja tumechelewa, na kosa ni letu wenyewe. Kwetu mgonjwa hatumikishwi. Ukirudi nyumbani na plasta, mama, dada na shangazi wanakulaza, wanakuwekea mto chini ya mguu, na ole wako uuguse. Plasta ikitolewa wanaendelea vilevile. Kwa mapenzi hayo, kifundo kinakauka kama ngozi iliyosahauliwa juani.

Ndugu yetu Gelle, mfugaji wa Habaswein, alivunjwa mguu na ngamia dume. Upasuaji ulikwenda vizuri. Kisha jamaa zake wakamtunza hadi wayo ukabaki umeelekea chini, kisigino hakigusi ardhi. Siku ya kwanza alimwambia Bi Hani, mtaalamu wetu wa viungo, "Wallahi abaayo, dada yangu, hii mguu imekufa. Wewe kata tu."

Bi Hani akamjibu, "Sikati kitu. Niambie, hii mguu ilikuwa inafanya kazi gani?"

"Kukamua ngamia."

TULIYOYAPATA

Mheshimiwa, wewe ni mtoto wa huku, unajua ngamia anavyokamuliwa. Mtu husimama kwa mguu mmoja, wa pili akaukunja juu ya goti, na chombo kikakaa pajani. Bi Hani alikwenda kununua bakuli sokoni, akalijaza maji, akamsimamisha Gelle katikati ya vile vyuma viwili vya kushikilia vya chumba chetu cha mazoezi. Akiyumba, anashika. Akitulia, anaachia. Mwanzoni maji yote yalimwagika na sisi tulicheka mpaka tukakohoa, naye akatutukana kwa Kisomali kitamu.

Taratibu kisigino kikashuka. Juzi aliachia vyuma, akasimama, maji yakatulia. Hakuna aliyecheka. Bi Amino, mgonjwa mwenzetu ambaye anatamani tu kukaa chini kwenye swala badala ya kiti, alilia waziwazi.

Lakini Bi Hani alituonya: bado. Kifundo kilichofunguka hivi karibuni kikiachwa, kitajifunga tena, na safari ya pili huenda kisikubali. Gelle ana wanawe na ngamia wake wanaomngoja Habaswein. Hana kazi nyingine anayoijua.

LILILOTUSHTUA

Leo tulifika mapema kupanga viti vyako. Tukakuta mlango wa chumba chetu cha mazoezi una utepe mwekundu. Ndani kuna zulia, makochi na maua ya plastiki. Tukaambiwa hicho sasa ni chumba cha kupumzikia wageni, na wewe ndiwe utakayekifungua. Vyuma vyetu vimekatwa kwa msumeno, vimetupwa nyuma ya jenereta. Bi Hani aliweka mikono kichwani kwa mshtuko. Kisha akaambiwa afanyie kazi barazani, kwenye sakafu ya kuteleza.

Tumeduwaa, Mheshimiwa. Jana tulifanya mazoezi humo, na hakuna mtu aliyetuambia neno. Hatuamini kwamba wewe ulijua. Tunaomba tusiwe tumekosea katika hilo.

OMBI

Tulikuwa na maombi mengi: mpira wa mazoezi, feni, gari la kuwaleta watu wa Kotile na Sangailu. Yote tumeyafuta. Limebaki moja. Mkasi uko mezani mbele yako. Tunakuomba usiushike. Utepe ufunguliwe kwa mkono, makochi yatoke, na fundi aliyekata vyuma avirudishe leo hii, kabla hujaondoka.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi, akulindie miguu yako na ya watoto wako, na asikufikishe mahali pa kuhitaji chumba kama chetu ukikute kimefungwa. Amin.

La mwisho. Mgeni hapokelewi kwetu bila maziwa, na yako tayari. Hatukuyaleta mezani. Yako nyuma ya jenereta, kando ya vyuma vilivyokatwa, na Gelle ndiye aliyeyashika. Amesimama kwa mguu ule uliopasuliwa, bakuli liko pajani, na hana pa kushika. Amesema hatashusha mguu mpaka ufike.

Tafadhali, Mheshimiwa, usikawie.

Ni sisi,
Kikundi cha Hatua Tena, Garissa.
Imesomwa na Maka Abdihafid, kwa niaba ya wenzake.