Kijiti cha Kupimia Mafuta

Ndege ndogo ya tajiri wa mbao iliishiwa mafuta angani, ikaangukia nyumba ya fundi cherehani. Makanika wa ndege hiyo alikuwa ndani ya basi, anakwenda kujieleza kwa wakaguzi, na kwa bahati yake mbaya mama aliyekaa naye alikuwa na gazeti.

"Eti iliishiwa mafuta," mama alisema. "Kama jiko langu! Hakuna aliyechungulia tangi?"

"Geji ilikufa zamani, mama. Tunapima kwa kijiti," alijibu makanika, kisha akajuta kujitaja.

"Kijiti! Hongereni. Kikasemaje siku hiyo?"

"Kilitoka kimelowa mpaka juu, tukajua limejaa. Kumbe kililala nje kwenye mvua."

"Yaani rubani karuka na mafuta ya mawinguni."

Makanika akacheka kwa shida. "Lakini hakufa mtu, mama. Tushukuru."

Basi likasimama mbele ya hospitali. Mama akakunja gazeti, akachukua chupa yake ya chai, akainuka.

"Tushukuru kweli, makanika. Ni mabati tisa tu, cherehani mbili, na mguu wa kulia wa mume wangu. Wameukata juzi, hapa juu ya goti."